Ule wimbo mrefu wa Queen ulipitaje redioni?

Swali: Shikamoo kaka. Sisi ni bendi ya vijana watano hapa Mtwara mjini, tunapiga roki tuliyoichanganya na sindimba. Tumerekodi wimbo wa dakika 6 na sekunde 40. Mtangazaji mmoja tuliyempelekea amesema redioni haupigwi wimbo unaozidi dakika tatu na nusu, twende tukaukate. Mpiga gitaa wetu hataki hata kusikia, anasema Queen, ile bendi ya roki ya Uingereza, walikataa kuikata "Bohemian Rhapsody" na bado ikashika namba moja. Ni kweli? Ule wimbo ulifanikiwa kwa lipi hasa? Tena wapo wanaosema Freddie Mercury, mwimbaji na mtunzi wake, aliimba habari za kuondoka kwake Zanzibar. Wimbo wetu nimekutumia, naomba uusikilize utushauri.

Jibu: Marahaba mdogo wangu, nisalimie na wenzako. Mpiga gitaa wenu hajasema uongo. Kasimulia nusu ya habari tu, ile tamu ya wasanii kuwagomea wakubwa, akairuka nusu yenye jasho. Na kwenu ninyi hiyo aliyoiruka ndiyo yenye faida.

Nianze na yake. "Bohemian Rhapsody" ilitoka Uingereza tarehe 31 Oktoba 1975, ikiwa na dakika 5 na sekunde 55. Kampuni ya EMI iliyokuwa inaitoa iliona ni ndefu mno kwa singo. Singo za wakati ule zilikuwa na dakika tatu hivi, na haikuwa ukorofi wa watangazaji peke yake. Santuri ndogo ya inchi 7, ile inayozunguka mara 45 kwa dakika, ina nafasi yake. Ukiongeza muda, mifereji ya sauti inabidi ibanane, na ikibanana sauti inapungua nguvu. Ndiyo sababu bendi za dansi za kwetu na za Kongo zilipopeleka nyimbo ndefu kwenye santuri ziliugawa wimbo: beti na kiitikio upande wa kwanza, mchemko upande wa pili, na mwenye gramafoni anageuza sahani mwenyewe wachezaji wakisubiri. Queen wangeweza kufanya vilevile, au kukubali kukatwa. Wakagoma. Walitaka uende mzima, upande mmoja.

Waliotilia shaka hawakuwa wa EMI tu. Meneja wao mpya, John Reid, alikuwa pia meneja wa Elton John, na inasimuliwa kwamba Elton alipousikia aliona wameshikwa na wazimu, wimbo wa namna hiyo redio gani itaupiga. Mwishoni mwa Novemba ukawa namba moja Uingereza. Ukakaa hapo wiki tisa, ukavuka Krismasi na mwaka mpya, na kufikia mwisho wa Januari 1976 ulikuwa umeuza zaidi ya nakala milioni moja. Ulioung'oa kileleni ni "Mamma Mia" ya ABBA, maneno ambayo yanasikika pia ndani ya huohuo wimbo wa Queen. Wapenzi wa chati wanalichekea hilo hadi leo.

Basi, nusu ya mpiga gitaa wenu imeishia hapo.

Jambo la kwanza aliloliacha: Queen hawakuwa wageni. Bendi ilianza mwaka 1970, John Deacon wa besi akaingia 1971, na mwaka 1974 walikuwa na nyimbo mbili zilizoingia kumi bora za Uingereza. "Seven Seas of Rhye" ilifika namba 10, "Killer Queen" ikafika namba 2. Kwa hiyo mtangazaji wa London aliyepokea kanda yao mwaka 1975 alijua anapokea kazi ya watu ambao wasikilizaji wake wameshawakubali. Jina lilikuwa limetangulia kubisha hodi. Ninyi mnapeleka wimbo wenu wa kwanza, na mtangazaji hamjui mtu kwenu. Hapo mko mbali na Queen kuliko kwenye suala la dakika.

La pili ni njaa. Pamoja na umaarufu huo, walikuwa hawana hela. Mkataba wao wa mwanzo uliwabana, wakawa wanalipwa mshahara wa pauni 60 kwa wiki huku nyimbo zinauzwa. Inasemekana Roger Taylor wa dramu aliambiwa asipige kwa nguvu sana, fimbo zikivunjika hakuna za kununua nyingine. Mwaka 1975 wakajinasua kwenye mkataba ule, Reid akashika mambo ya biashara, wao wakaambiwa nendeni mkatengeneze rekodi nzuri kuliko zote mlizowahi kufanya. Albamu waliyotoka nayo, A Night at the Opera, ilitajwa kuwa miongoni mwa zilizogharimu fedha nyingi kuliko zote wakati ule. Yaani waliweka kila walichonacho mezani. Ingeanguka, sidhani kama leo tungekuwa tunaiulizia hiyo bendi.

La tatu ni kazi yenyewe ya studio. Hapa nitakaa kidogo, ni fani yangu, na pia ndipo wimbo wenu unapopwaya.

Vipande vya wimbo huu Mercury alikuwa navyo kichwani muda mrefu. Rafiki yake wa enzi za chuo amewahi kueleza kwamba baadhi ya sehemu alizisikia tangu mwishoni mwa miaka ya 1960. Prodyuza wao, Roy Thomas Baker, alikuwa anasimulia siku Mercury alipompigia wimbo huo kwa piano nyumbani kwake London: akapiga sehemu ya taratibu, akasimama katikati, akamwambia hapa ndipo opera inapoingia, yaani uimbaji wa yale maigizo ya jukwaani yanayoimbwa. Kisha wakaenda kula. Baker naye opera hakuwa anaisikia kwa jirani. Kabla ya hapo aliwahi kufanya kazi studio na kikundi cha opera. Watu wawili waliojua wanachokizungumzia, wala si bahati nasibu.

Kurekodi kulianza tarehe 24 Agosti 1975 kwenye studio ya Rockfield, ambayo ni shamba huko Monmouth, Wales, kisha kazi ikahamia studio nyingine kadhaa. Wakaanza na piano, besi na dramu. Pale opera itakapokaa wakaacha kipande cha kanda kitupu, kama sekunde thelathini hivi. Kila siku Mercury akawa anaingia na wazo jipya la kuongeza "Galileo" nyingine, lile jina linaloitwa na kwaya, na kila akiongeza, kanda inakatwa kwa wembe na kuungwa kipande kingine. Sekunde thelathini zikazaa dakika nzima na zaidi.

Walioimba kwaya ile yote ni watatu tu: Mercury mwenyewe sauti za kati, Brian May wa gitaa za chini, Taylor za juu. Deacon hakuimba. Mashine yao ilikuwa na treki 24, yaani njia 24 za kurekodia sauti kila moja peke yake, na treki 24 hazitoshi kwaya. Walichokifanya ni hiki: wote watatu wanaimba noti moja pamoja, wanairudia ili inenepe, wanahamia noti ya sauti ya pili, wanairudia, kisha ya tatu. Treki zikijaa, zile zote zinachanganywa na kuhamishiwa kwenye treki moja au mbili, za zamani zinaachwa wazi, wanaanza upya. Wanaotaja hesabu wanasema sauti zilipandishwa juu ya nyingine hadi mara 180 hivi, na walikuwa wanaimba saa kumi hadi kumi na mbili kwa siku. Sehemu ya opera peke yake ilikula kama wiki tatu.

Ninyi mliozaliwa na kompyuta hamjui adha ya kuhamisha treki za kanda. Kila ukihamisha, mvumo unaongezeka na sauti kali za juu zinafifia kidogo, na huna kitufe cha kurudi nyuma, ukishafuta umefuta. Halafu kanda yenyewe inachakaa. Ile rangi ya kahawia inayobeba sauti inakwanguliwa na vichwa vya mashine kila inapopita. Baker alieleza kwamba siku moja waliinyanyua kanda ile kwenye mwanga wakaona inapenya, imeshakuwa nyembamba kama ganda la kitunguu. Ilibidi wainakili haraka kabla haijaisha yote mikononi mwao. Kwa hiyo kabla ya kuhamisha chochote walilazimika kuamua: hii noti imekaa sawa au haijakaa? Hakukuwa na "tutarekebisha kwenye miksi".

Sasa chukua simu yako, uusikilize wimbo wenyewe ukiangalia saa. Sauti tupu za mwanzo zinaishia sekunde ya 49. Kuanzia hapo piano na kijana anayemweleza mama yake kwamba ameua mtu, hadi dakika 2 na sekunde 37. Gitaa la Brian May linajibu kwa sekunde ishirini na kitu. Gitaa hilo alilitengeneza kwa mkono na baba yake, shingo yake imetokana na mbao za mahali pa kuotea moto, na analipiga kwa sarafu. Opera inaingia dakika ya 3 na sekunde 3, inatoka dakika ya 4 na sekunde 7. Roki yenyewe, ile inayowafanya watu watikise vichwa, ina sekunde 47 tu! Kisha wimbo unapoa taratibu hadi mwisho, na upatu mkubwa (gong) unagongwa mara moja.

Hesabu tena. Hakuna kiitikio. Hakuna sehemu kubwa inayorudiwa kama ilivyokuwa. Kila ukitaka kuchoka, mlango mwingine umefunguliwa. Msikilizaji wa mwaka 1975 hakuwa na nafasi ya kujiuliza wimbo huu una dakika ngapi. Hii ndiyo sababu ninayoiona mimi kuliko zote, na ndiyo sababu nyimbo nyingi ndefu zilizotolewa baada ya huu kwa kuuiga zimesahaulika: waliiga urefu, wakaacha kuiga uhaba wa marudio.

Kipo kitu kimoja ningependa mpiga gitaa wenu akisikilize kwa makini. Mwisho wa opera, sauti zinapandishana ngazi, na Taylor anashika noti ya juu mno kwa kubana pua, anaing'ang'ania. Noti hiyo inabaki peke yake hewani muda mfupi tu kabla gitaa zito halijaingia. Kwa kuwa masikio yamekaa dakika nzima bila gitaa zito hata kidogo, likiingia linaonekana kubwa kuliko lilivyo. Gitaa halikuongezwa sauti sana. Lilinyimwa nafasi kwanza.

Suala la redio nalo halikwenda kama mpiga gitaa wenu anavyodhani, kwamba bendi iligoma na dunia ikatii. Yupo mtangazaji wa Capital Radio ya London, Kenny Everett, rafiki wa Mercury, aliyepewa nakala kabla wimbo haujatoka, kwa maneno ya kuambiwa asiupige, na kila mtu akijua ataupiga. Alianza kwa kuonjesha. Kipande hapa, kipande pale, akijifanya kidole kimeteleza. Baadaye akauachia mzima, tena na tena, mara 14 ndani ya siku mbili za mwisho wa wiki. Jumatatu watu wakaenda madukani kuuliza santuri ambayo haijafika. EMI wakakuta mahitaji yameshaumbika, hakuna tena wa kubishana naye. Marekani kukawa na kisa kinachofanana nacho, mkuu mmoja wa redio aliyeupata London akaanza kuupiga kwao, kampuni ya kule ikalazimika kuutoa. Huko ulifika namba 9 mwaka 1976.

Kwa hiyo mtangazaji hakugomewa. Mtangazaji mmoja alipewa kitu cha kuchezea, akakifanya chake.

Baada ya redio ikaja picha. Queen walikuwa wanaanza ziara, na hata wangebaki London, nani angeweza kusimama kwenye televisheni kufanya pleibeki ya kwaya ile bila kuchekesha? Tarehe 10 Novemba 1975 wakarekodi video kwenye studio za Elstree chini ya mwongozaji Bruce Gowers, kazi ya saa nne hivi, gharama pauni 4,500. Zile sura nne gizani zilizopangwa kama almasi zilitokana na picha ya jalada la albamu yao ya mwaka uliotangulia, iliyopigwa na Mick Rock. Televisheni ya Uingereza ikaipiga wiki baada ya wiki, na makampuni mengine yakaelewa kwamba video inaweza kumwakilisha msanii asiyekuwepo. Jukwaani nako hawakujidai. Sehemu ya opera ikifika, bendi inaondoka, kanda inapigwa, wanarudi gitaa linapolipuka. Likumbukeni hilo siku wapiga ngoma wenu wa sindimba watakapokuwa wamealikwa Newala na ninyi mna shoo Shangani hapo Mtwara.

Zanzibar sasa. Freddie Mercury alizaliwa Unguja tarehe 5 Septemba 1946, jina lake Farrokh Bulsara, wazazi wake Waparsi wenye asili ya Gujarat. Baba alikuwa mtunza fedha mahakamani, serikali ya kikoloni. Mtoto akapelekwa shule ya bweni Panchgani, India, huko akajifunza piano na kupiga kwenye bendi ya wanafunzi. Alirudi Unguja 1963, na mwaka 1964, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Alikuwa na miaka 17. Watu wa pwani wanaposikia kijana anamuaga mama yake, halafu kwaya inaitikia "Bismillah", ni rahisi kuunganisha. Mimi siungi. Mercury alikataa maisha yake yote kuueleza wimbo ule, akiwaachia wasikilizaji waamue wenyewe, na wenzake wa bendi nao wamelinda kimya hicho. Rasimu zake za mkono zilipouzwa mnadani Sotheby's mwaka 2023, zilionyesha kwamba wakati fulani alifikiria kuuita "Mongolian Rhapsody", akalikata neno la kwanza, na aliandika kwenye karatasi za shirika la ndege la British Midland. Mtu anayechagua kati ya Mongolia na Bohemia anatafuta mlio wa jina. Hiyo ni hisia yangu. Ila msije mkaenda redioni mkatangaza kwamba ni wimbo wa Mapinduzi, mtaumbuka.

Yaliyofuata nayapita haraka. Mercury alifariki tarehe 24 Novemba 1991, wimbo ukatolewa upya Uingereza, ukarudi namba moja kwa wiki tano, mapato yakaenda kwenye shirika la kuwasaidia wenye UKIMWI. Ukawa wimbo wa kwanza kuwa namba moja wakati wa Krismasi mara mbili, kwa rekodi ileile. Mwaka 1992 filamu ya vichekesho ya Wayne's World ikawapelekea vijana wa Marekani, ukapanda hadi namba 2. Filamu ya maisha ya Mercury ya mwaka 2018 ikauamsha tena, na mwaka uliofuata video yake ikafikisha watazamaji bilioni moja YouTube. Sidhani kama kuna la kujifunza hapo kwenu kwa sasa, zaidi ya kwamba rekodi iliyotengenezwa vizuri haichachi.

Twende kwenye wimbo wenu. Nimeusikiliza kwa spika za studio na kwa simu, kwa kuwa wengi watausikia kwa simu.

Una dakika 6 na sekunde 40, na neno la kwanza linaimbwa dakika ya 1 na sekunde 20. Kabla ya hapo ni gitaa linazunguka palepale. Kiitikio kinakuja mara tano, na ya tatu haina tofauti yoyote na ya pili, nadhani mmenakili na kubandika. Sindimba inaingia dakika ya 5. Hapo nilisogeza kiti. Zile ngoma ni kitu, na yule mzee anayeita kabla hazijaingia sauti yake imenikaa kichwani. Tatizo ni kwamba msikilizaji mmemchosha kabla ya kumfikisha huko.

Mtangazaji wenu amekosea dawa, ugonjwa ameuona. Mkikata kwenye dakika tatu na nusu kama alivyosema, mnatupa sindimba yote na kubaki na wimbo wa roki ambao vijana wa mji wowote wangeweza kuutengeneza. Msiukate mkia. Toeni ndani. Gitaa la mwanzo libaki sekunde kumi na tano, lisizidi. Kiitikio kije mara mbili kabla ya sindimba na mara moja baada yake, na hiyo ya mwisho wapiga ngoma waiimbe nanyi. Marudio mengine yote yaondoke. Kwa hesabu yangu mtabaki na dakika nne na ushee, na ngoma zitaingia kabla ya dakika ya tatu. Mkifika hapo wimbo ukawa bado unataka kuwa mrefu, uacheni uwe mrefu.

Na kabla ngoma hazijaingia, nyamazisheni gitaa na dramu. Mzee aite peke yake. Mlichofanya sasa ni kumwekea gitaa chini yake na mwangwi wa kompyuta juu yake, akamezwa. Mrudisheni studio, au mfuateni kwake na kinasa kizuri, mpeni nafasi aite mara kadhaa mchague. Ngoma nazo msizirekodi kwa maiki moja iliyotundikwa katikati. Ngoma kubwa iwe na yake, ndogo ziwe na yake.

Kuhusu redio, msirudi kwa mtangazaji na wimbo mzima. Mpelekeeni sekunde thelathini za mzee na ngoma, bila maelezo marefu, mwambieni aweke kati ya kipindi na kipindi aone watu watasema nini. Akipigiwa simu kuulizwa hiyo ni nini, atawatafuta yeye. Vipindi vya usiku havina haraka, huko wimbo wa dakika nne unapigwa mzima bila mtu kutazama saa. Na toleeni Oktoba au Novemba, minada ya korosho ikianza. Queen Krismasi iliwakuta kileleni. Huku kwetu kuanzia Tandahimba hadi Nachingwea hela inaonekana msimu huo, na sherehe zinafuata hela.

Mwisho ni hela zenu wenyewe, na Queen tena wana kisa. Upande wa pili wa singo ile uliwekwa "I'm in Love with My Car", wimbo wa Roger Taylor, aliyeupigania kweli; inasimuliwa alijifungia kabatini hadi wenzake wakubali. Aliyejua hesabu ni yeye. Singo inauzwa kama kitu kimoja, kwa hiyo mtunzi wa upande wa pili alipata mrabaha sawa na Mercury kwa kila nakala iliyouzwa, ingawa hakuna aliyenunua kwa ajili ya upande wake. Ugomvi wa jambo hilo uliwasumbua miaka. Ninyi mko watano, pamoja na mzee na wapiga ngoma wake. Kaeni kabla wimbo haujatoka, andikeni nani katunga nini na nani anapata asilimia ngapi, wote watie saini, kisha mkausajili COSOTA, ofisi ya hakimiliki. Mzee msimpe nauli na soda mkadhani mmemalizana. Sauti yake ndiyo itakayouza.

Mkisharekebisha nitumieni tena, lakini faili la WAV, lile lisilobanwa, kwa barua pepe au kwenye flashi. Lile la WhatsApp limebanwa, na sauti kali za juu ndizo za kwanza kupotea.